Muuguzi wa Chumba Namba Tatu na Binti Aliyesema "Naonja Tu"

Saa mbili na nusu asubuhi, benchi lililo nje ya chumba namba tatu limejaa, na mwandishi wa simulizi hii anaharibu kazi ya watu kabla hata hajatoa kalamu mfukoni.

Anamuuliza mlinzi, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuuza magazeti stendi, "Samahani mzee, chumba wanapopima vijana wanaokunywa pombe ni kipi?"

Mlinzi anakohoa. Benchi zima linageuka. Wavulana wawili wenye sare za shule, mmoja kafungwa bandeji mkononi, wanatazamana. Yule wa bandeji anakumbuka ghafla kwamba kuna kitu amesahau nyumbani. Mwenzake naye anakumbuka kwamba kitu hicho ni kizito, mtu mmoja hakiwezi. Wanakula kona wote wawili, na mwandishi anabaki kasimama kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa watu kisha mwenye mtoto akapotea.

Mlango unafunguliwa. Anatoka mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba ya kiatu. Anaziangalia nafasi mbili zilizo wazi kwenye benchi.

"Nani kanifukuzia watoto?"

Mwandishi anainua mkono polepole.

"Kaka yangu," mama yule anasema bila hasira, jambo ambalo linauma zaidi, "hapa hakuna chumba hicho. Hapa kuna chumba cha kikohozi, cha tumbo na cha vidonda. Hilo lingine tunalikuta humohumo ndani. Siku nikiliandika mlangoni, nitabaki naongea na viti."

Huyo ndiye muuguzi ambaye vijana wa mtaa huu wanamwita Mama Swali Moja. Jina walimpa wenyewe, maana kila anayeingia huambiwa, "Mwanangu, nina swali moja tu." Wanasema ni uongo mtupu. Swali lenyewe moja, lakini lina watoto na wajukuu.

Ana miaka arobaini na tisa, na robo tatu ya maisha yake ya kazi ameimaliza wodi ya wazazi. Chumba namba tatu hakukiomba. Kituo kilipoambiwa kitafute mtu wa kuzungumza na vijana kuhusu pombe, kila muuguzi alikuwa na sababu yake nzuri ya kukataa.

"Mimi siku ya kikao nilikuwa msibani," anasema. "Niliporudi nikakuta nimechaguliwa kwa kauli moja. Sijawahi kupendwa vile tena."

Alipelekwa mafunzo ya wiki moja, akarudi na cheti na bango. Cheti kiko kabatini. Bango lilikuwa na picha ya chupa iliyopigwa msalaba mwekundu. Alilibandika siku moja, akaona vijana wanaingia, wanalitazama bango, wanafunga midomo. Jioni yake akalibandua. Sasa limegeuzwa, upande mweupe ndio unaoonekana, na juu yake amechora herufi za kupimia macho.

Chumba chenyewe ni kidogo. Kuna kitanda, mzani, meza yenye mguu mmoja uliotiwa karatasi chini, na dirisha linalotazama ukuta. Kati yake na chumba cha chanjo kuna ubao mwembamba tu. Mtu wa upande wa pili akipiga chafya, huku unamwambia afya. Ukuta wa namna hiyo ni adui wa siri, lakini Mama Swali Moja kapata dawa yake. Siku za chanjo ndizo siku zake kubwa. Anamkalisha kijana, anamfunga kidonda taratibu, anasubiri. Mtoto mchanga akichomwa sindano kule ng'ambo na kupaza kilio, hapohapo anauliza.

"Siku zisizo na watoto wa kulia, nusu ya kazi imekufa," anasema. "Kijana hawezi kuniambia habari zake huku anasikia watu wanahesabiana vidonge chumba cha pili."

Mzazi akiwemo, humtoa kwa adabu. Humpa kadi na kumwomba ampelekee mapokezi. Pale mapokezi hakuna anayeihitaji kadi hiyo. Mhudumu anaijua kazi yake: anaipokea, anaigeuza mbele na nyuma, anakuna kichwa, anamwambia mzazi asubiri kidogo. Dakika kumi zinapatikana hivyo.

Swali la kwanza haliwahusu vijana wenyewe. "Rafiki zako wanakunywa?" Kwa rafiki zao hawana uchoyo. Watamwaga mtama wote: nani alibebwa, nani alitapika kwenye viatu vya baba yake, nani anaficha chupa kwenye begi la mpira. Muuguzi anacheka nao. Halafu, bila kuinua kichwa kwenye bandeji, anaongeza, "Na wewe je?"

Anayesema hapana anapongezwa na kuambiwa sababu za kuendelea hivyo. Anayesema ndiyo anaulizwa mara ngapi, na nani, na kesho yake inakuwaje. Hasemwi. Hatishiwi polisi wala moto wa jehanamu. Anaulizwa yeye mwenyewe angependa apunguze nini, na aanze na siku gani. Wanakubaliana jambo moja dogo, na tarehe ya kurudi.

Hapo ndipo uso wa Mama Swali Moja unapobadilika. Kati ya kumi wanaoahidi kurudi, anasema, wanaorudi ni watatu. Wengine akikutana nao njiani wanahamia upande wa pili wa barabara. Mwaka jana mmoja wao, mwenye miaka kumi na saba, alihama vibaya na lori lilikuwa linakuja. Hakuwa anamkwepa yeye. Ilikuwa Jumamosi usiku, alikuwa anatoka kunywa.

"Aliniahidi Jumatatu," anasema muuguzi. "Jumatatu tulikuwa makaburini."

Anavaa miwani, anaivua.

Leo kuna watu wawili anaowasubiri kuliko wengine wote: binti wa miaka kumi na tano na mama yake. Binti ameahidi kumleta mama. Mama ameahidi kuja. Kila mlango ukilia, muuguzi anachungulia. Wenyewe wameridhia habari yao iandikwe, mradi majina yasitajwe, na binti alikwisha kaa na mwandishi kabla ya siku hii akaeleza kwa mdomo wake.

Mara ya kwanza alikuja na tumbo. Akaulizwa, "Unakunywa pombe?" Akajibu hapana. Mara ya pili aliletwa na mwalimu, kaanguka mstarini asubuhi. Akaulizwa tena. Hapana. Mara ya tatu alikuja ameungua mkono kwa mvuke. Hapana, kwa mara ya tatu, tena kwa macho makavu, akimtazama muuguzi usoni.

"Na mimi nikamwamini," anasema Mama Swali Moja. "Kijana anayedanganya utamjua, anaangalia kona ya chumba. Huyu aliniangalia mimi. Nikaandika hapana, nikachukua sindano."

Akalowesha pamba kwenye spiriti, akampangusa begani. Binti akavuta pumzi kidogo kwa pua. Kisha akasema, kama mtu anayetoa taarifa ya kawaida kabisa, "Hii ina maji."

Muuguzi akacheka. Ni kweli, spiriti ya kusafishia ngozi huwa na maji ndani yake, ndivyo inavyotengenezwa. Lakini wanaojua hilo ni watu wa dawa. Akamuuliza amejuaje.

"Kwa pua. Ningeonja ningekwambia na kiasi chake."

Kicheko kikamkauka mdomoni. Akaweka sindano chini.

Ndipo alipopata habari yote. Mama yake binti anapika pombe kali nyumbani, kwenye pipa nyuma ya jikoni. Ndicho kinachowalea yeye na wadogo zake watatu. Kila pipa likianza kutoa matone, lazima mtu aonje ajue kama imefikia ukali wake. Katikati lazima aonje, isije ikawa imelegea. Mwishoni lazima aonje, ajue pa kukomea. Ya asubuhi na ya mchana zikichanganywa, lazima aonje. Na jioni wateja wakija, wapo wasiogusa glasi mpaka waone mtu wa nyumbani kaitangulia, maana wamesikia habari za watu waliopofuka kwa pombe mbaya. Kazi hiyo yote ni ya binti. Alianza akiwa na miaka tisa.

Wateja wamempa jina. Wanamwita Daktari. Wakifika wanapiga kelele tangu mlangoni, "Daktari keshapima?" Na akishaonja wanajibizana, "Daktari kasema imepona."

"Sasa nikamuuliza," anasema muuguzi, "mwanangu, mbona uliniambia hunywi? Akanishangaa. Akasema, 'Sinywi, anti. Naonja tu.' Hakuwa amenidanganya. Mimi niliuliza kuhusu kunywa, na yeye hajawahi kunywa. Hajawahi kukaa chini akashika glasi. Walevi ni wale wanaokaa kwenye mabenchi. Yeye yuko kazini."

Tangu siku hiyo amebadilisha swali. Siku hizi anauliza, "Kuna pombe yoyote inayopita mdomoni mwako?" Anasema kwa swali hilo amewapata wengine: anayevuta kwa mrija toka dumu hadi dumu, anayemalizia mabaki akikusanya chupa baa ya mjomba wake, na mmoja anayepewa na bibi yake kila usiku kama dawa ya baridi. Wote walikuwa wameandikwa hapana.

Siku ile hakumsema binti. Alitoa kijiko kwenye kikapu chake cha chakula, akashusha jagi la maji na kikombe kitupu toka juu ya kabati. Akamwambia, "Nionyeshe kwa maji yote uliyoonja jana." Binti akakitazama kijiko, akasema cha kwao ni kikubwa kuliko hicho. Wakakubaliana kutia mara mbili kila mara moja.

Akaanza. Pipa la asubuhi, kabla ya shule: tone la kwanza, la kati, la mwisho. Akatia. La mchana aliporudi. Akatia. Kuchanganya. Akatia. Halafu wateja: yule fundi viatu ambaye haamini mtu, wale wawili wa gereji, yule mzee anayetaka aonjewe kila glasi. Akatia, akatia. Maji yakafika ukingoni. Binti akasita na kijiko hewani, akamwangalia muuguzi. Muuguzi akasogeza kikombe cha pili.

Binti akavitazama vile vikombe muda mrefu.

"Hii yote kanywa nani?" akauliza.

Muuguzi anasema katika miaka yake yote ya kazi hajawahi kuulizwa swali gumu namna ile, na hakulijibu. Alimwacha mtoto ajijibu mwenyewe.

Akamwomba anyooshe mikono. Ikatetemeka. Binti akaeleza kwamba asubuhi huwa inatetemeka zaidi, mpaka kalamu inamtoroka, lakini akishaonja pipa la kwanza inatulia. Shuleni walidhani ni uoga. Mwalimu wa darasa alikuwa akimwambia ajikaze kisabuni. Mitihani ya mwisho iko miezi mitatu mbele, na yule binti alikuwa akifanya hesabu kwa mikono miwili, mmoja ukiandika, mwingine umeushika ule unaoandika.

Alipelekwa kwa daktari wa hospitali kubwa. Daktari akasema kuacha ghafla si salama kwa mwili uliokwisha kuzoea. Apunguze kwa hatua, aonwe kila wiki. Waanze kwa kuondoa jioni. Jioni ndiyo mbaya, ndipo vijiko vinapozaliana. Afisa ustawi wa jamii naye kaandikiwa. Yuko mmoja kwa kata zote hizi, na kwa sasa kilichofika ni jibu kwamba barua imefika.

Wapo waliomshauri muuguzi akimbilie polisi, pipa lichukuliwe, mchezo uishe. Mganga mkuu wa kituo alimwachia aamue. Aliwaza usiku kucha, anasema, mumewe akamwuliza kama ana malaria.

"Pipa likienda, mama naye anaenda. Watoto wanne wanabaki na nani? Na kijana gani mwingine atakuja kunifungulia mdomo kwenye chumba hiki? Siwezi kukwambia nilichagua vizuri. Nilichagua."

Kwanza walijaribu njia ya wao wawili. Binti hakutaka mama aguswe. Wakapanga aonje kisha ateme, kama mtu anayesukutua mdomo. Walifanya mazoezi pale chumbani na maji kwenye beseni, wakicheka. Binti alikuwa anatema kwa madaha mno, muuguzi akamwambia hata malkia hatemi hivyo.

Kule nyumbani mpango ulidumu mpaka jioni ya pili. Mteja mmoja, wa gereji, alimwona akitema pembeni ya ukuta. Akasimama.

"Daktari anatema, sisi ndio tunywe?"

Hakuna aliyecheka. Mmoja akarudisha glasi. Wengine wakaanza kujinusa vidole na kuulizana maswali. Muda si muda mabenchi yakabaki matupu, na habari ikatembea mtaani kwamba ile ya leo ina kitu. Siku mbili hazikuuza.

Binti alitegemea kipigo, hakukipata. Anasema mama yake alikaa tu kwenye kigoda akiyatazama madumu yaliyojaa, mpaka mshumaa ukaisha. Kisha, gizani, akamwambia maneno mawili.

"Kesho meza."

Binti alipomsimulia mwandishi habari hiyo hakulia. Alikuwa akichuna ngozi ya kovu la mkono wake, akasema mama yake si mtu mbaya. Akalirudia hilo, bila kuulizwa.

Baada ya hapo ndipo binti alipokubali mama aitwe. Lakini alitoa sharti. "Usimwambie nakunywa," alimwomba muuguzi. "Mwambie naonja sana."

Saa nne kasoro, mlango unalia. Wamekuja.

Mama mtu ni mwembamba, kavaa gauni lililopigwa pasi mpaka mistari inasimama, kichwani kitambaa cheupe. Ananukia sabuni. Mtu anayemtarajia mpika pombe mwenye macho mekundu atampita mlangoni. Anasalimia kila mtu, na mwandishi anasalimiwa na kuulizwa habari za nyumbani. Kuhusu kuandikwa anasema hana neno. Mtaa mzima unajua anapika nini, gazeti litaongeza nini.

Binti anakaa ukingoni mwa kitanda. Mikono kaikalia.

Muuguzi anaanza mbali. Anampima presha mama, anamuuliza usingizi, anamuuliza miguu. Presha iko juu. Anaandika. Halafu anasema ana swali moja tu.

"Mama, wewe kuna pombe yoyote inayopita mdomoni mwako?"

Mama anatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Hata tone, sista. Mimi ladha yake siijui mpaka leo. Baba yao alikufa nayo mdomoni. Siku tunamzika niliapa mbele ya jeneza, haitapita kwenye koo langu maisha. Na haijapita."

Muuguzi anaweka kalamu chini. Hili binti hakuwahi kumwambia. Inawezekana hakuona kama ni habari.

"Sasa unapikaje kitu usichokionja?"

"Ndiyo maana ninaye yeye," mama anajibu, na kumgusa binti goti kwa upendo usiofichika. "Huyu ulimi wake ni wa baba yake. Nikionja mimi nitakuwa nimevunja kiapo. Yeye hajaapa."

Binti anatazama vidole vya miguu yake.

Muuguzi anamwambia taratibu, kama walivyokubaliana, kwamba binti anaonja sana. Anamweleza vikombe viwili vya maji. Anamweleza aliyoyasema daktari wa hospitali kubwa. Mama anasikiliza, anaitikia kwa kichwa, kisha anatikisa kichwa hichohicho. Anasema kuonja si kunywa. Anasema mpishi wa wali akionja mchuzi hasemi amekula. Anasema mtoto hajawahi kuyumba, hajawahi kutukana mtu, wala hajawahi kulala nje. Walevi anawajua, kaishi na mmoja miaka kumi na moja, na huyu siye.

"Mama, sikatai. Lakini koo lake litajuaje kwamba lenyewe linaonja tu?"

Muuguzi anamgeukia binti, anamwomba mikono. Binti hataki. Anaomba tena, kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mwonyeshe mama."

Binti anaitoa mikono kule alikoikalia, anainyoosha mbele. Jana jioni alionja, leo asubuhi hakuonja kwa sababu ya safari ya kuja hapa. Vidole vinacheza kama vinapigiwa ngoma isiyosikika na mtu mwingine. Anajaribu kuvizuia kwa kuvibana. Vinahamia kwenye viwiko.

Mama anaitazama. Mwandishi, aliyebanwa pembeni kati ya mzani na kabati, anaona uso wa mwanamke huyu ukienda mbali sana na kurudi.

"Mikono ya baba yake ilikuwa hivyo," anasema. Analisema kwa upole, kama anayesema mtoto kafanana na nani.

Kisha anakusanya nguvu zake na kuanza kujitetea, na katika kujitetea anasema mambo ambayo hakuna mtu chumbani anayeweza kuyapinga. Anasema aliuza mboga, zikaoza. Alifua nguo za watu, mgongo ukakataa. Wadogo wote watatu wanasoma kwa pipa hilo, na huyu mkubwa pia, hata kalamu inayomtoroka imenunuliwa na pipa. Akimwajiri mtu mzima wa kuonja, mtu huyo atakunywa faida yote. Akiacha kuonjesha, wateja watakwenda nyumba ya tatu, kule kuna mtoto mwingine anaonja. Anasema haya bila kupaza sauti, akilainisha gauni magotini, akilainisha pale palipokwisha nyooka.

Mama Swali Moja hana pipa lingine la kumpa. Analijua hilo, na baadaye, wakati anafunga kabati kwenda kula, atamwambia mwandishi kwamba hiyo ndiyo sehemu ya kazi ambayo mafunzo ya wiki moja hayakuigusa. Mafunzo yalimfundisha kuuliza. Yalimfundisha kusikiliza, na kumwacha mtu achague jambo moja dogo. Hayakusema ufanyeje pale jambo dogo la mtoto linapokuwa ugali wa nyumba nzima.

Tumaini lake, akiulizwa, si kubwa. Hataki sifa, wala haoti kufunga mapipa ya mtaa. Anataka siku ya mtihani binti huyu aandike jina lake kwa mkono mmoja. Basi. Daktari wa hospitali amesema wakianza na jioni sasa hivi, na Mungu akijalia, miezi mitatu inatosha. Muuguzi atamwona kila Alhamisi. Kapanga hata cha kumwambia mwalimu wa darasa. Kila kitu kipo tayari isipokuwa hizo jioni zenyewe, na hizo haziko mikononi mwake wala mikononi mwa binti.

Kwa hiyo anavuta kiti. Anakaa karibu na mama mtu mpaka magoti yao yanakaribia kugusana. Anavua miwani.

"Mama yangu, sikuombi uache. Sikuombi uvunje kiapo, wala sikuombi pipa. Nakuomba jioni. Wateja wakija leo, wakiuliza Daktari yuko wapi, wewe waambie lolote. Waambie kalala, anasoma, kasafiri. Lakini usimwite."

Mama anaangalia dirisha linalotazama ukuta. Anafungua mkoba, anatafuta kitu, hakioni, anaufunga. Binti kamkazia macho mama yake, mikono bado kainyoosha mbele kama aliyesahau kuishusha.

Nje mtu anagonga, anauliza kama foleni bado inatembea.

Muuguzi anasogea mbele kidogo.

"Leo tu kwanza, mama. Usimwite."